Dirisha la Siku Arobaini

Mimi naitwa Skolastika, na kabla hujaniuliza: ndiyo, nilikuwemo chumbani siku zote. Sikuwa likizo, sikuumwa, sikusinzia hata mara moja. Nilikaa kwenye kiti changu nafuma vitambaa vya makochi, masikio wazi. Watu wakinionea huruma huniambia, "Aa, nesi, wewe ungejuaje?" Ningejua. Kutoka kwenye kiti changu mpaka kitandani ni hatua mbili.

Kituo chetu kiko Same, pembeni ya barabara inayopanda milimani. Wauguzi wa wodi ya dirisha tulitolewa mbali kwa makusudi. Mimi ni Mkerewe, mwenzangu wa zamu ya pili alitoka Lindi, na masharti yalikuwa kwamba tukivuka mlango ule tunaongea Kiswahili tu. Mgonjwa wa dirisha hatakiwi kusikia lugha isiyo kwenye fomu yake. Mfagizi akipita korido anaimba wimbo wa kwao, mgonjwa anaunywa ule wimbo wote, na kesho yake anaamka nao mdomoni.

Elifuraha Mbwambo alikuja Jumatatu, fundi wa pampu, miaka thelathini na minane, mrefu, mpole, viatu kavipiga rangi. Kabla sijafungua faili alinionyesha simu. Kwenye kioo alikuwepo mtoto wa kike wa miaka sita, Tusekile, amekaa sakafuni katika nyumba nyeupe isiyo na pazia.

"Mwanangu," alisema. "Sikiliza."

Kwenye video yeye mwenyewe alikuwa anamwita mtoto, mama, mama, hujambo, baba hapa. Mtoto akainua uso, akauliza kitu, na siyo baba yake aliyeulizwa, iliulizwa nyumba. Nyumba ikamjibu kwa sauti ya kike. Mtoto akarudi kwenye michezo yake.

"Ameuliza nini?"

"Ameuliza huyu mtu analia nini."

Mke wake, Atuganile, alikwenda Vestra kufanya kazi, mji ule wa kaskazini uliojengwa juu ya bahari, akaenda na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Alifariki huko, ajali ya lifti. Mtoto akabaki mikononi mwa mji. Na Vestra wana sheria yao: nyumba zao zinasikiliza, zinahesabu kila neno mtoto analoambiwa, na hawamkabidhi mtoto kwa mlezi asiyeongea Kivesti kama aliyezaliwa nacho. Ati mlezi mwenye lafudhi anadumaza ubongo wa mtoto. Elifuraha alikuwa amejifunza Kivesti miaka mitatu, maneno yote anayo, sarufi anayo, na kila akifanya mtihani nyumba inamkataa kabla hajamaliza sentensi ya pili.

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote.

"Mtoto mchanga anasikia sauti zote za dunia. Akikaribia mwaka mmoja ubongo unaanza kuchagua, hizi za kwetu, hizi si za kwetu. Akishabalehe, kilichokaa kimekaa. Seli zinazungushiwa nyuzi nyembamba, sisi hapa tunaziita vyandarua. Mtu mzima anaweza kuongeza maneno mpaka siku anaingia kaburini, lakini sikio na mdomo vinabaki vya kwao. Haya matone tunakutia puani. Yanayeyusha vyandarua siku arobaini, ndizo tunaziita dirisha, halafu vinajifunga tena. Vikishajifunga havifunguliwi mara ya pili, ukijaribu unakufa."

"Kwa hiyo nitakuwa kama mtoto."

"Upande wa lugha, ndiyo. Na ndiyo shida yenyewe. Mtoto ukimhamisha anasahau lugha ya mama yake mara moja, umeona mwanao. Lugha zako za zamani nazo zitakuwa hazina chandarua. Kila unayotaka kubaki nayo lazima ulishwe kila siku, saa nzima, na mtu hai anayekujua, ana kwa ana. Redio haifai, simu haifai. Mtoto hajifunzi kwa redio."

Akajaza fomu. Lugha za kulishwa: Kiswahili, Kipare. Mlishaji wa Kipare: mama mzazi. Kulikuwa na swali la mwisho, kwamba ikilazimika kupoteza moja, ipotee ipi. Akalisoma mara mbili, akarudisha kalamu mezani.

"Hapo nimepaacha wazi, nesi."

"Hapaachwi wazi, baba."

"Basi jaza wewe," alisema akicheka, nami nikacheka, nikaipeleka fomu kwa daktari vile vile.

*

Bibi Navoneiwa alikuwa anafika saa nne kamili, anashuka toka Vudee na chupa yake ya chai ya tangawizi. Miaka sabini na tisa, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, mkongojo mkononi, na mdomo, wewe! Bibi yule alikuwa na maneno. Shule hakuona mlango wake. Kiswahili alikipata akiwa mwanamke wa miaka ishirini, akiteremka na mizigo ya tangawizi sokoni, na alikiongea kwa madaha, kila neno amelipindapinda kidogo.

Siku ya kwanza aliingia, akanisalimia, akauliza kwetu wapi, wazazi wangu wazima. Nikamwambia wote walishatangulia. Akanipa pole kwa kunishika mkono mpaka nikaona haya. Kisha akakaa kitandani kwa mwanawe, akaanza kumsimulia habari za nyumbani. Kwa Kiswahili.

"Bibi," nikasema, "Kipare. Muongee Kipare chenu."

"Nawe umekaa hapo?"

"Mimi nachunga tu, asije akashikwa na degedege."

"Eti nachunga." Akacheka. "Mwanangu, mtu amekaa na mimi, nimempa pole ya wazazi wake, halafu nimgeuzie mgongo niongee asichosikia? Atasema namsengenya. Mama yangu hakunifundisha hivyo."

Hata mimi mama yangu hakunifundisha hivyo. Kwetu ukiongea kilugha mbele ya mgeni unaambiwa huna adabu, na nadhani nchi nzima ni hivyo. Kanuni za kituo zingeniruhusu nitoke, nikae nyuma ya kioo, nimtazame kutokea huko. Lakini nilikuwa nimewahi kumkosoa mwenzangu wa Lindi kwa kukaa nyuma ya kioo kama anatazama samaki. Nikabaki. Kesho yake nilisema tena, "Bibi, Kipare," nikasema kidogo tu, na kichwa nimekiinamisha kwenye sindano, na yeye akasema "haya, haya" na kuendelea na hadithi ya jirani yake aliyeuza ng'ombe mgonjwa kwa shemeji yake.

Ile hadithi nilitaka kuisikia mwisho wake, huo ndio ukweli. Nilikuwa na miaka minne sijakaa na mama wa mtu yeyote. Siku ya tano alikuwa ananimiminia chai kabla ya mwanawe. Siku ya tisa nilikuwa nawahi kazini.

Na kulikuwa na kipimo ukutani, nisikisahau, maana nacho kilinidanganya vizuri. Kilikuwa na mistari miwili. Mmoja Kivesti, unapanda kila siku, kwa sababu mwalimu wa Kivesti alikuwa anakuja kuongea naye saa sita kwa siku. Wa pili uliandikwa "lugha ya nyumbani", ukawaka kijani tangu siku ya kwanza mpaka ya ishirini na mbili. Kipimo kilitengenezwa Vestra. Waliokitengeneza walikiweka Kiswahili na Kipare kapu moja, kwao wao zote ni kelele za huku. Mimi nikaangalia kijani, nikapokea kikombe changu, nikanywa.

*

Siku ya ishirini na tatu Bibi aliinuka kwenda, akapapasa ukutani, mkongojo umeanguka chini ya kitanda. Akafungua mdomo kuuomba, neno likakataa. Nilimwona anavyolitafuta, midomo inacheza. Mwishowe akasema kwa Kipare, ndiyo mara ya kwanza nasikia Kipare katika chumba kile.

Elifuraha akatabasamu, akabaki amekaa.

Bibi akarudia, akionyesha na kidole chini. Mwanawe akainama akatazama kidole, siyo chini.

"Mama unasemaje?"

"Acha mchezo, baba," Bibi alisema kwa Kiswahili, akicheka. Halafu akasema maneno mengine kwa Kipare, marefu zaidi, kwa sauti ile mama anayomtania nayo mwanawe. Mimi sikuelewa, na nilipomtazama Elifuraha niliona uso wake uko kama wangu.

"Mama," alisema taratibu, "hicho unachoongea ni nini?"

Bibi alikaa kitandani tena. Alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili, akamsemesha neno moja moja, kama anayemwita mtu aliye mbali, na kila neno Elifuraha alitikisa kichwa. Alikuwa hata haogopi. Dirisha likiwa wazi watu hawaogopi, wanakuwa wachangamfu tu kama watoto. Aliyeogopa ni mama yake, na mimi. Nikaokota mkongojo nikampa Bibi, maana sikujua cha kufanya kingine.

*

"Kimekwenda," alisema Daktari Kihiyo, mbele yake picha za ubongo, kikombe cha kahawa kimepoa. "Kimebaki vipandevipande. Tukifunga dirisha leo, tukamrudishia Kipare, pengine atapata nusu."

"Basi tufunge leo."

"Na Kivesti hakijakaa. Nyumba itamkataa. Tarehe kumi na nne mtoto anapewa familia nyingine, na faili linafungwa moja kwa moja."

"Tumlishe vyote viwili hizi siku zilizobaki."

"Nafasi haipo, Skola. Tukipakia Kipare sasa, Kivesti kinatoka na lafudhi. Ni kimoja." Akafungua faili, akaona pale palipoachwa wazi, akanitazama. "Mwenyewe haulizwi, dirisha likiwa wazi sheria inamhesabu mtoto. Anaamua ndugu wa karibu. Mama yake. Utamweleza wewe, mmezoeana."

Nikasimama. Akaniambia nikae.

"Kuna hili." Akanisogezea karatasi ya vipimo vya walishaji, vile alivyokuwa akiwafanyia mwenyewe kila Ijumaa, mtu anaonyeshwa picha kubwa arobaini anazitaja majina. Juma la kwanza Bibi Navoneiwa alitaja zote kwa Kiswahili. La pili, thelathini na nne. La tatu, ishirini na sita, na zilizobaki alizitaja kwa Kipare bila kujua kama amebadilisha. "Ubongo wake unazeeka vibaya. Kiswahili alikipata ukubwani, na kinachoingia mwisho kinatangulia kutoka. Mwaka mmoja, labda pungufu. Atabaki na Kipare peke yake, cha utotoni."

Nilihesabu vidole vyangu kama mjinga. Mama atabaki na Kipare tu. Mwanawe atakuwa hana Kipare.

"Hilo nalo nimwambie?"

"Ukimwambia atakataa."

"Ana haki ya kujua, dokta! Ndiye anayeweka dole gumba!"

"Anayo." Alisugua macho. "Upande mmoja mtoto wa miaka sita mwenye maisha yote mbele. Upande mwingine bibi wa miaka themanini. Usinitolee macho, mimi nimeshindwa. Nenda kamwambie utakachoweza kumwambia."

Nilitoka ofisini nimeamua kumwambia yote. Nakuapia. Nilikuwa nimeshayapanga maneno.

Bibi alikuwa kwenye benchi la korido, kitenge amekifunika kichwani, chupa ya chai miguuni haijafunguliwa. Nikakaa. Nikamweleza habari ya Kipare, habari ya tarehe kumi na nne, habari ya kimoja tu. Alisikiliza kwa utulivu.

"Kumbe ni mimi," alisema. "Nimemnyima mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Si wewe, bibi."

"Ni nani basi?"

Hapo ndipo pa kusema.

"Ni mashine," nikasema. "Mashine ilitudanganya."

"Tukiendelea, atapewa mtoto wake?"

"Atapewa."

"Yule mdogo? Tusekile? Atakuja nimguse?"

"Atakuja."

"Na mimi na mwanangu? Tutaongea nini?"

Nilimtazama yale macho yake meupe. Ningeweza kusema. Korido ilikuwa tupu, hapakuwa na wa kunizuia. Lakini nilimwona yule mtoto kwenye kioo cha simu, anaiuliza nyumba, na nikaona vile vile kwamba nikisema moja nitatakiwa niseme na lingine, kwamba kanuni iliniruhusu kukaa nyuma ya kioo na mimi nikataka chai. Mpaka leo sijui ni lipi lililonifunga mdomo. Ningependa liwe la mtoto.

"Kiswahili, bibi. Mtaongea Kiswahili, kama mlivyokuwa mnaongea hapa."

Alishusha pumzi, mabega yakalegea. "Ee, basi. Kiswahili nacho ni lugha, kimenilishia watoto. Leta hiyo karatasi."

Nikamshika dole gumba nikalipaka wino mwenyewe.

*

Elifuraha alifaulu. Nyumba ya Vestra ilimsikiliza kwa simu dakika arobaini, ikamwita mwananchi. Dirisha lilipojifunga, akili za kiutu uzima zikamrudia, na ndipo alipolia, akalia siku mbili, amegeukia ukuta. Daktari alimfariji kwamba Kipare atajifunza upya kwa daftari kama watu wazima wote. Siku kumi baadaye akapanda ndege. Alitakiwa kukaa Vestra miezi kumi na moja, nyumba imsikilize akiwa na mtoto, ndipo aruhusiwe kusafiri naye.

Alikuwa ananipigia wakati mwingine. Alisema anampigia mama kila Jumapili, na mama siku hizi maneno machache, anampa simu jirani haraka.

"Mtandao wa milimani, nadhani," alisema.

"Huenda," nikasema.

Walikuja mwezi wa saba. Aliniomba niwapeleke Vudee, kwa kuwa mama alinipenda. Tusekile alikaa katikati yetu kwenye gari, msichana mzuri, mashavu ya baba yake, na njia nzima waliongea wao wawili, wanacheka, Elifuraha anamwonyesha migomba, mtoto anamsahihisha kitu, anamziba baba mdomo kwa kiganja. Nilisema moyoni, angalau hili. Niliishikilia hiyo "angalau" mpaka tulipofika uani.

Bibi alikuwa kwenye kigoda anachambua maharage, kwa vidole, maana macho yalikuwa yamefunga kabisa. Jirani yake, Mama Nakijwa, alikuwa naye.

"Shikamoo, mama," alisema Elifuraha.

Bibi akageuza kichwa, akasema kitu kwa Kipare.

"Anauliza wageni wanatoka wapi," alisema Mama Nakijwa, na sauti yake haikuwa sawa. "Kiswahili kilimtoka chote, baba, tangu mwezi wa pili, nikashindwa kukuambia kwenye simu. Na watu anawajua kwa kuongea kwao."

Elifuraha alipiga magoti chini. Akatoa daftari mfukoni, halafu akalirudisha, kumbe alikuwa amekariri. Akamsemesha mama yake kwa Kipare. Sentensi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi sikijui Kipare, lakini nilikuwa nimekisikia siku ile ya mkongojo kikitoka kwa mwenyewe, na hiki hakikuwa hicho. Maneno yalikuwa ya Vudee na mdomo ulikuwa wa Vestra. Alikuwa ameyatengeneza mengi, kama thelathini, na aliyasema yote mpaka mwisho, jasho linamtoka.

Bibi alisikiliza kwa heshima, vidole vimetulia kwenye maharage. Kisha akamgeukia Mama Nakijwa akasema neno, akitabasamu.

"Amesemaje?" aliuliza Elifuraha.

Mama Nakijwa akaanza kukusanya maganda chini.

"Mama, nakuomba. Amesemaje?"

"Anasema huyu mzungu amejitahidi."

Alijaribu tena. Mama Nakijwa naye alimweleza Bibi, akamwapia, akamshika mkono akauweka juu ya uso wa Elifuraha. Bibi akaupapasa uso ule, akautoa mkono wake polepole, akaufuta kwenye kitenge. Alikuwa anaanza kuogopa. Tusekile akamuuliza baba yake kitu, na baba yake akainuka.

Tulitoka na Elifuraha nje ya ua. Alisimama ameshika mti wa uzio, hatazami popote.

"Ninyi ndio mliokuwa mnampima," alisema. "Kila Ijumaa. Ulijua Kiswahili kinamtoka?"

"Nilijua."

"Kabla hajaweka dole?"

"Kabla."

Nilingoja anipige. Hakunipiga. Aliuliza kama ningejaza pale palipoachwa wazi angekuwa amepoteza ipi, nikasema sijui, akasema sawa.

Ndani ya ua, Bibi alianza kumwita. Alikuwa analiita jina lake kwa nguvu, Elifuraha, Elifuraha, kama mtu anayeita msaada kwa sababu nyumba imeingiliwa na wageni. Elifuraha akakimbia akaingia, akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili, akasema nipo, nipo mama, ni mimi. Bibi aliivuta mikono yake, akainua uso juu ya kichwa cha mwanawe kuelekea mlimani, akaendelea kuita.